Historia Isiyosomewa Jikoni

Nilifukuzwa shule kwa wiki mbili kwa kosa la kumzika mdudu.

Marehemu alikuwa fukusi wa maharagwe. Alipatikana amelala chali katika sahani yangu ya githeri siku ya Alhamisi, na kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa wamepikwa pamoja naye, nilichukua mwenyewe jukumu la kumwandalia mazishi ya heshima. Nilipanda juu ya benchi la bwalo nikasoma historia ya maisha yake: kuzaliwa kwake ghalani, elimu yake katika gunia la kilo tisini, hadi alipoitwa na Bwana kwa njia ya sufuria. Wasichana mia nne waliitikia Amina. Naibu wa mwalimu mkuu, ambaye alikuwa amesimama mlangoni tangu nilipofika kwenye elimu ya marehemu, hakuitikia.

Wazazi wangu wako Nairobi, kwa hivyo likizo zangu na adhabu zangu zote huangukia kwa Senje Musimbi huko Shianda. Senje ni dada mkubwa wa baba. Kwetu shangazi wa aina hiyo huitwa Senje, na mtu hamjibujibu. Nilimpa barua ya shule, akaisoma mara mbili, kisha akaniambia nimsomee na hiyo historia ya fukusi. Nilisoma huku nikingoja kofi. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Hukumtaja mama yake," akasema. "Na waliomtangulia je? Gunia zima, na hakuna aliyekufa kabla yake? Hiyo si historia, Shantel. Hayo ni maneno."

Alisema hivyo kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Senje aliandika historia za marehemu.

Kwetu mtu hazikwi kabla historia yake haijasomwa. Mahubiri yanaweza kukatizwa na mvua, na wanasiasa wanaweza kunyimwa kipaza sauti, lakini historia lazima isomwe jeneza likiwa pale mbele. Alizaliwa wapi na nani, alisoma wapi, alifanya kazi gani, alioa nani, akazaa nani, nani walimtangulia, na nani amewaacha. Ukikosea hapo, aliyekufa hatakufanya lolote, ila umemkosea mtu aliye hai na ambaye nyumbani ana panga la kukatia miwa.

Kazi hiyo Senje aliifanya kwa miaka ishirini na sita. Familia ikifiwa ilimtuma mtu amwite. Akifika hakwenda kukaa na kamati ya mazishi kwenye hema. Alikwenda jikoni, akavuta kigoda, akaanza kumenya ndizi na wanawake, na baada ya muda mrefu akauliza swali moja. Alitaja jina la mtu, kisha akasikiliza ni nani atakayekohoa. Siku ya pili alikaa na wazee. Siku ya tatu alirudi jikoni na karatasi yake, akaisoma kwa sauti mbele ya meko, wote wakiwapo, na mwenye neno alilisema palepale. Alirekebisha na kurudia mpaka pakawa kimya. "Historia isiyosomewa jikoni," alikuwa akisema, "husomewa polisi."

Haya hayakuwa majigambo. Kuna familia ya Lumakanda iliyoamua kujiandikia yenyewe, ikamsahau mke mmoja. Mke huyo alikwenda akakaa juu ya udongo uliochimbwa, akakunja miguu, na mazishi yakasimama kwa siku mbili. Mwishowe walituma gari hadi Shianda kumchukua Senje. Alikaa jikoni kwao kutoka asubuhi mpaka saa nane mchana, akasoma, pakawa kimya, na saa tisa mzee akazikwa. Watu walimpa kuku wanne. Mmoja alitoroka.

Wala Senje si mtu wa kuogopa mashine. Alianza na kalamu, akaja akanunua taipureta, na Clifford alipofungua duka la kompyuta pale sokoni Shianda, Senje alipeleka meza yake kwenye kona ya duka hilo akajifunza kompyuta akiwa na miaka arobaini na tano. Kila mashine ilipokuja aliisalimu, akazijua tabia zake, akaionyesha mahali pake pa kukaa, jinsi mke mkubwa anavyompokea mdogo.

Ile iliyokuja mwaka jana haikutaka kuonyeshwa mahali. Ni programu ya kwenye simu. Unaiambia jina la marehemu, mwaka wa kuzaliwa, idadi ya watoto na kazi aliyofanya, na kabla chai yako haijapoa inakupa kurasa tatu za maneno matamu kama maji ya miwa, na kama maji ya miwa, yote yana ladha moja. Kwa mujibu wa mashine hiyo, kila mtu anayekufa hapa Shianda ni nguzo ya jamii, ni taa iliyozimika, na hakuna aliyekutana naye asiyekumbuka tabasamu lake. Iliandika hivyo hata kuhusu mzee mmoja wa karibu na kinu cha posho ambaye maisha yake yote aliturushia mawe.

Kuanzia Januari watu walianza kuja dukani na historia zikiwa tayari kwenye simu zao. Walitaka tu kuchapishiwa, kwa rangi. Walimsalimu Senje kwa heshima kubwa, wakapita meza yake, wakaenda kwa Clifford.

Clifford si mtu mbaya, na hilo lilinisumbua, kwa sababu watu wabaya ni rahisi kuwafanyia utani. Alivumilia miezi mitano. Halafu Jumatatu ya wiki yangu ya kwanza ya adhabu, akamletea Senje chai, akakaa, akazunguka mpaka akafika. Alihitaji ile kona. Alitaka kutundika kitambaa cheupe awe anapiga picha za pasipoti, maana vijana wote walikuwa wakitafuta kazi za Uarabuni. Lakini hakutaka aonekane amemfukuza mama aliyemwandikia hata historia ya baba yake mzazi. Mzee Osundwa alikuwa amefariki jana yake, na mazishi yake yangekuwa makubwa kuliko yote ya mwaka huo. Watu wake wakija kwako, Clifford alimwambia, meza inabaki, na mimi nitawaambia wengine wote waanzie kwako. Wasipokuja, Mama, utanisamehe.

Senje alikunywa ile chai yote. Akasema ni haki.

Mzee Osundwa alikuwa mkulima wa miwa, na kabla ya hapo alifanya kazi miaka thelathini kwenye boila la kiwanda cha sukari. Kila mtu alimjua kwa mkono wake. Alipokuwa mtoto alianguka kutoka kwenye mpera, na tangu siku hiyo mkono wake wa kushoto haukuinuka kupita kifua. Kanisani wakati wa kusifu, alipunga mmoja tu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza kama huo mwingine umeokoka. Alicheka sana, kisha akanishtaki kwa Senje.

Mwanawe wa kwanza, Phineas, alikuja dukani Jumanne. Yeye hufanya kazi benki huko Nairobi na alikuwa mwenyekiti wa kamati. Senje alisimama, akampa pole, akavuta kiti. Phineas alishukuru, hakukaa. Akamwonyesha Clifford simu: historia ilikuwa tayari, walitaka vijitabu mia tatu.

Senje aliomba kuiona. Alisoma polepole huku akiishika ile simu kwa mikono miwili.

"Maurine simwoni," akasema.

Phineas aliuliza Maurine yupi.

"Dada yako. Yule wa kabla yako. Alikufa kwa surua akiwa na miezi tisa."

Phineas alisema ni kweli, alishawahi kusikia, lakini hayo yalikuwa mambo ya zamani sana na yeye mwenyewe hakuwa amezaliwa. Halafu akaeleza kwamba historia ilishapitishwa. Ilitumwa kwenye kundi la familia la WhatsApp, watu sitini na wanne, na wote waliweka kidole gumba.

"Mama yako yumo kwenye hilo kundi?"

"Mama hana simu ya namna hiyo."

"Kwa hivyo aliweka kidole wapi?"

Phineas alitabasamu kama mtu wa benki. "Senje, sisi tunakuheshimu sana," akasema. "Lakini hizi siku tatu za kukaa jikoni, nani ako nazo? Watu wanarudi kazini Jumatatu."

Akamtumia Clifford ile historia, naye Clifford, kwa kuwa mimi hupanga kurasa na picha haraka kuliko yeye, akanikabidhi niitengeneze. Senje alirudi kwenye meza yake. Hakulia wala hakununa. Alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa marehemu, kama jirani yeyote, na kwa siku tatu alimenya ndizi jikoni kwa Mama Dinah, mjane wa Mzee. Nilipomuuliza anaandika kwa nini na hakuna aliyemtuma, alisema kwamba mkono umezoea. Siku ya tatu, Ijumaa, aliisoma mbele ya meko. Mimi nilikuwepo. Ilianza na Maurine. Mama Dinah, ambaye alikuwa akipuliza moto, aliacha kupuliza akabaki ameinama hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna aliyekohoa. Ilikuwa historia ya mtu mmoja tu, isingeweza kuwa ya mwingine yeyote. Senje akaikunja akaitia mkobani.

Sasa nifike kwenye uhalifu wangu.

Ulitendeka Alhamisi, siku moja kabla ya usomaji huo wa jikoni. Nilikuwa peke yangu kwenye kompyuta na kurasa tatu za nguzo na taa. Nikajiambia hivi: Senje hakosi kazi kwa sababu mashine inaandika vizuri, anakosa kazi kwa sababu mashine bado haijaaibisha mtu. Ikiaibisha mbele ya watu elfu moja, watakumbuka jikoni. Usomaji utakatika, watu watapiga kelele, Phineas atatokwa na jasho, na mtu atauliza kama Musimbi yupo. Musimbi atakuwa yupo, na mkobani ana karatasi. Niliuona mchezo wote mpaka mwisho, hata makofi.

Majina ya mke na watoto sikuyagusa. Kuna utani na kuna laana, na hata mimi najua mpaka uko wapi. Nilihitaji uongo ambao hautamuumiza mtu lakini hakuna mwenye masikio atakayeuvumilia. Kwa hivyo, baada ya sentensi ya nguzo ya jamii, niliandika kwamba katika ujana wake Mzee Osundwa alikuwa golikipa hodari wa timu ya mkoa, na siku moja uwanjani Bukhungu alidaka penalti nne mfululizo. Nikaongeza kwamba alizungumza Kijerumani fasaha, lugha aliyojifunza kwa kusoma maandishi yaliyokuwa ubavuni mwa boila. Nikamalizia na sentensi kwamba Mungu alimjalia meno thelathini na sita, na akayatunza yote. Hiyo ya mwisho niliiweka kwa ajili ya wale ambao wangekuwa wamelala wakati wa penalti.

Kabla ya kuchapisha nilimtumia Phineas ili aidhinishe. Alijibu baada ya dakika moja. Alitaka picha yake mwenyewe ipandishwe juu kidogo.

Mazishi yalikuwa Jumamosi. Mahema yalikuwa sita, na watu walikuwa wengi kuliko viti. Mimi na Senje tulikaa hema la majirani, mstari wa tatu, mkoba wake mapajani. Mbele yetu walikuwa wazee wa kiwandani, na aliyekaa katikati yao alikuwa Osiako, mwenzake Mzee Osundwa kwenye boila, aliyefanya naye kazi zamu moja tangu mwanzo hadi siku ya kustaafu. Nilimhesabu Osiako kama silaha yangu kubwa. Mama Dinah alikaa kando ya jeneza, kitambaa cheusi kichwani. Nilikuwa na furaha ambayo haifai kanisani wala matangani, nikaikalia.

Phineas akashika kipaza sauti akaanza kusoma. Mzaliwa wa Shianda. Nguzo ya jamii. Taa. Nikashika kiti.

"Katika ujana wake," akasoma Phineas, "Mzee alikuwa golikipa hodari wa timu ya mkoa."

Alisita kidogo. Niliona macho yake yakirudi nyuma kwenye mstari. Halafu akaendelea, maana mtu aliyeshika kipaza sauti mbele ya watu elfu moja hawezi kuonekana hajui historia ya baba yake. Akazisoma penalti zote nne. Nikangoja. Watu walitazamana, na nikasikia sauti ikipita kwenye mahema, ile sauti ya watu wanaoshangaa. Kisha mtu mmoja hema la wageni akaanza kupiga makofi. Wengine wakamfuata. Makofi yakafika hema letu. Wamama wakapiga vigelegele. Kwenye Kijerumani vijana walipiga mbinja. Kwenye meno, mchungaji alisema Amina kwa sauti nzito, na watu wote wakaitikia.

Senje alikuwa amegeuka ananitazama. Hakuuliza. Alikuwa amenifunza kuandika, na mtu huijua kazi ya mtoto aliyemfunza. Akageuka tena mbele, akafunga mikono juu ya mkoba, akasikiliza mahema sita kwa makini, mstari baada ya mstari. Najua alichokuwa anasikiliza. Hakuna aliyekohoa.

Phineas alifika kwenye majina ya watoto. Mama Dinah aliinua kichwa. Phineas alianza na jina lake mwenyewe, akashuka mpaka kitindamimba. Mama Dinah aliendelea kuinua kichwa baada ya majina kuisha, kwa muda mfupi, kisha akakiinamisha.

Niliweka tumaini lililobaki kwa Osiako. Alipoitwa kutoa ushuhuda alisimama kwa shida, akashika kipaza sauti, akakitazama kile kijitabu cha rangi kwa muda. Nikafikiri, sasa.

"Ni ukweli," akasema Osiako. "Watu hawajui tu. Mimi nilikuwanga hapo Bukhungu. Ile ya tatu aliidaka na mkono moja."

Mahema yalilipuka. Osiako, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa amempigia makofi kwa jambo lolote, alinyoosha mgongo. Akaonyesha jinsi Mzee alivyoruka. Akaieleza na ile ya nne, na upepo wa siku hiyo. Aliyemfuata, binamu kutoka Mautuma, alisema yeye ndiye aliyekuwa akiwachukulia viatu. Mwingine akasema ni kweli kuhusu Kijerumani, maana Mzee alikuwa akiongea maneno usingizini ambayo hakuna aliyeyaelewa. Mwisho kabisa alisimama mwakilishi wa wadi, akatangaza kombe la kila mwaka la kumkumbuka Osundwa, vijana wa chini ya miaka ishirini, jezi na mipira juu yake.

Tulikula ugali, ambao wazee wa pale bado huuita obusuma, na kuku. Phineas alikuja hadi tulipokuwa tumekaa akaniambia kuwa nimepanga kurasa vizuri sana. Alikuwa ametosheka na ile mashine. Alisema, kwa mshangao wa kweli, kwamba hata yeye hakuyajua mambo hayo ya baba yake, na kwamba hakujua imeyatoa wapi.

Tulipokuwa tunarudi, katikati ya miwa, nilikiri. Nilisema yote, hata sehemu ya makofi niliyokuwa nimempangia.

"Ungewaandikia kwamba alikuwa na mkia," akasema Senje, "wangeuliza tu ulikuwa wa urefu gani."

Nilicheka. Yeye hakuwa anatania.

Nilimwambia kwamba nitaenda kwa Phineas nimweleze. Alisema nifanye nitakalo. Jumapili nilikwenda. Phineas alikuwa anapanga mizigo kwenye gari. Nilisimama kama mtu aliyeitwa ofisini, mikono nyuma, nikatubu kwa sauti: golikipa ni mimi, Kijerumani ni mimi, meno ni mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniwekea mkono begani. Akasema anaelewa. Senje ni kama mama kwangu na mimi ninaona kazi yake inaisha, kwa hivyo ninataka mashine ionekane mbaya. Lakini Mzee Osiako alikuwa Bukhungu mwenyewe. Akanishauri nisome kwa bidii.

Nimedanganya walimu wanane na mkuu wa bweni mmoja, wote wakaniamini. Siku niliyosema ukweli nilipewa ushauri na soda.

Jumatatu asubuhi, kabla hata Clifford hajafungua madirisha yote, Mama Dinah aliingia dukani. Alikuwa amekuja kwa miguu, kijitabu kikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Tulidhani amekuja kwa ajili ya Maurine. Senje alimkalisha kwenye kiti kile ambacho Phineas hakukikalia, akaenda moja kwa moja kwenye jambo: alimwambia jina la mtoto lipo, limeandikwa, karatasi anayo, na angeweza kumpa sasa hivi.

Mama Dinah alisema hilo ameshalipokea. Watoto hawakumjua, na mtu hawezi kutaja asiyemjua. Alikuja kwa jambo jingine. Akatoa kijitabu, akakiweka mezani, akakigeuza upande ambao maandishi yanasomeka, ingawa yeye hasomi.

"Musimbi, wewe ni mtu wa kujua mambo ya watu," akasema. "Ule mkono. Miaka hamsini na mbili mimi ndiye nilimvalisha shati. Kila asubuhi. Naushika hivi, naingiza, unalia kwenye bega. Haukuinuka. Ama ulikuwa unainuka akiwa kwa watu?"

Clifford aliacha alichokuwa anafanya.

"Haukuinuka, Mama," akasema Senje. "Popote. Hakuwahi kuwa golikipa. Ulimjua vile alivyokuwa."

"Lakini Osiako amesema."

"Osiako alisoma humo ndani kama wengine."

Nikapiga magoti mbele ya Mama Dinah, si kwa mchezo, nikamwambia kwamba niliandika mimi kwa vidole hivi, siku ya Alhamisi, kwenye kompyuta ile pale. Aliniangalia kwa huruma kubwa. Akanishika shavu.

"Mwanangu," akasema, "nasikia unampenda shangazi yako. Ni vizuri."

Senje alifungua mkoba akatoa karatasi yake. Alisema atamsomea tena, yote, kama alivyosoma jikoni Ijumaa, na mahali pa mkono pamo, jinsi alivyoanguka kutoka kwenye mpera na nani alimbeba. Akaanza. Mama Dinah alimsikiliza kwa adabu mstari mmoja, miwili, mkono wake ukiwa juu ya kile kijitabu chenye rangi, ukiipapasa picha ya jalada. Kisha akamwomba aache.

"Hayo ni yale mimi nilikuambia," akasema. "Mimi nilikuwa jikoni tu, Musimbi. Ningejua nini? Wewe uliuliza mimi, ukaandika mimi. Hii haikuuliza mtu. Imejua yenyewe."

Alikirudisha kijitabu kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga vizuri mara mbili. Pale mlangoni alisimama.

"Angeniambia tu," akasema. "Nisingekasirika."

Akaenda. Tulimwona akivuka barabara, akingoja trekta la miwa lipite, akivuka nusu iliyobaki.

Senje alibaki amekaa na karatasi mkononi. Nilingoja anipige. Ningemshukuru. Clifford alijikohoza, akaanza kusema kwamba hakuna haraka, hata wiki ijayo, hata mwezi ujao. Simu yake ikaita wakati huo huo: familia moja ya upande wa Mumias, wamefiwa na nyanya, na walitaka ile ile ya Osundwa, ile inayojua mambo ambayo familia haijui. Clifford alitazama chini. Akawaambia watume picha.

Senje alisimama, akaondoa droo moja moja akaziweka sakafuni ili meza iwe nyepesi.

"Shantel," akasema, "shika upande ule."

Nikashika. Ilibidi tuigeuze ubavu ndipo ipite mlangoni. Clifford alitusaidia hatua mbili, halafu akaingiwa na mteja. Tuliiweka nje kwenye jua, tukakaa juu yake tukingoja mwenye mkokoteni, na ndani tulimsikia Clifford akimwambia kijana fulani asimame wima na asitabasamu.